Homa Isiyofika Asubuhi

Nyumba yetu iko Majimbo, mjini Embu, mahali ambapo mtu huondoka asubuhi amevaa sweta na kurudi adhuhuri ameibeba mkononi. Juu yetu, kuelekea mlimani, ni kwa wazazi wangu, kwenye majani chai na baridi. Chini yetu, barabara inakoteremka hadi udongo ukabadilika rangi na miti ikawa ya miiba, ni Kiritiri, alikozaliwa mume wangu na anakoishi mama yake mpaka leo. Tulijenga katikati kwa sababu za kazi: mimi hufundisha historia chuoni, naye ni mpima ardhi. Lakini nadhani kila mmoja wetu aliamini kimoyomoyo kwamba nyumba ilikuwa imejengwa karibu zaidi na kwao.

Mzaha wa hali ya hewa uliingia katika ndoa yetu siku ya posa. Mjomba wangu aliwauliza wageni kutoka Kiritiri kama ni kweli kwamba mbu wa kwao hupiga hodi kabla ya kuingia. Mzee mmoja wa upande wao akajibu kwamba mbu wao wana adabu, ila yeye alikuwa amepita njiani akaona ng'ombe wa kwetu amevaa sweta. Watu walicheka, posa ikapokewa. Mzaha huo haukuisha siku ile. Tulipopata mtoto ulibadilika taratibu ukawa kitu kingine, kwa maana kila ugonjwa wake ulihitaji upande wa kuumiliki. Kikohozi kilihesabiwa kuwa cha kwetu. Tumbo la kuhara, upele wa joto na macho mekundu vilihesabiwa kuwa vya Kiritiri. Mama yangu mzazi hakuwahi kumzuia mtoto kwenda kwa nyanya yake wa chini, ila kila aliporudi alimgeuzageuza mbele ya dirisha kama mtu anayekagua shuka zilizotoka kwa dobi.

Huyo ni binti yetu wa pekee, na kwa desturi ya pande zote mbili binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ana jina la mama mkwe wangu, nao huitana wajina. Kwa mama mkwe wangu jina hilo halikuwa heshima ya kupambia tu. Mtoto alikuwa yeye mwenyewe, ameanza upya katika mwili mwingine. Binti alipoota meno, nyanya alilalamika ufizi. Alipovunjika kidole akicheza, nyanya alitufungulia kiganja chake tuone mahali palipomuuma. Hivyo ikazoeleka kwamba tulipompigia simu kumwambia mtoto hajisikii vizuri, yeye alijikagua kwanza.

"Ngoja nijisikie," angesema, na simu ingenyamaza kidogo. "Mimi ni mzima. Wajina wangu hana kitu. Mpe uji."

Mara nyingi alipatia. Watoto wengi hupona mafua yao bila msaada wa mtu, na sisi tulikuwa na mtoto mwenye afya. Mume wangu, ambaye kazini haamini mpaka wowote asioupima kwa chombo, aliuamini mwili wa mama yake zaidi ya alivyokubali kusema.

Mimi nilitaka kanuni. Nyumba yenye wazazi wawili wanaofanya kazi haiwezi kubishana kila asubuhi kama mtoto anaumwa au amechoka tu, kwa sababu akibaki nyumbani lazima mmoja wao abaki naye, na mabishano hayo hayahusu mtoto tena. Tulikubaliana hivi. Asubuhi, kabla ya uji, kipimajoto kingewekwa kwapani. Kikivuka thelathini na nane, angebaki. Akitapika au akiharisha, angebaki. Kikohozi na kamasi peke yake havikutosha. Kanuni hii ilituletea amani kwa miaka kadhaa, nami niliipenda kwa uwazi wake. Iliuliza swali moja tu, na iliuliza wakati mmoja tu wa siku.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuwa nzuri kule chini kuliko watu walivyotarajia. Ndengu zilisimama hadi magotini, na yale mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa mchanga nyuma ya boma la mama mkwe wangu yalijaa maji, yakakaa nayo. Binti yetu alikuwa huko Desemba yote. Alipalilia, alifukuza ndege, alilala na wajina wake kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja chenye tundu pembeni, tundu ambalo nyanya alikuwa amelifunga fundo akaona limetosha. Tulipokwenda kumchukua, jioni, nilisimama karibu na mashimo yale nikasikia vyura wengi mno. Nilisema kwamba maji hayo yangefaa kufukiwa.

"Mwalimu," mume wangu akasema, "huku maji hatuyafukii. Huku maji tunayashukuru."

Mama yake alicheka. Mimi pia nilicheka, na tukapakia kunde na asali garini.

Shule zilifunguliwa. Kila mwanzo wa muhula huwa na mafua yake, na mwaka huo walimu walituma ujumbe kwa wazazi kwamba mtoto mwenye kukohoa sana au kutokwa na makamasi abaki nyumbani asiwaambukize wenzake. Niliusoma ujumbe huo nikaridhika, kwa sababu ulilingana na kanuni yetu na hata kuizidi ukali. Binti yetu hakuwa akikohoa. Pua yake ilikuwa kavu.

Jumatatu ya wiki ya pili alirudi shuleni akiwa ameinamisha kichwa, akaomba blanketi jua likiwa bado halijatua. Alitetemeka kiasi kwamba kijiko kiligonga kikombe alipojaribu kunywa chai. Baadaye akawa moto, kisha akalowa jasho, kisha akalala. Asubuhi kipimajoto kilionyesha joto la mtu asiyeumwa kabisa. Akanywa uji nusu, akaenda shule. Niliandika ujumbe kwa mwalimu wa darasa kumwomba amtazame, naye akajibu kwa upole kwamba watoto wengi walikuwa hivyo wiki ile.

Jumanne alikuwa mzima. Jumatano ilikuja tena, lakini mapema zaidi, baada tu ya chakula cha mchana. Alitusimulia mwenyewe jinsi alivyokwenda kukaa kwenye jua, mgongo umeegemea ukuta wenye joto nyuma ya tangi la maji, wenzake wakicheza. Alisimulia kama jambo la kawaida. Aliporudi nyumbani baridi ilikuwa imeshapita na joto lilikuwa likishuka. Jioni hiyo mume wangu alimpigia mama yake, akaweka simu mezani ili sote tusikie.

"Wajina anatetemeka?" mama mkwe wangu aliuliza. "Ngoja nijisikie."

Tukangoja. Kwa mbali tulisikia mbuzi wakifungiwa.

"Mimi ni mzima," akasema. "Leo nimepalilia mpaka watu wamenionea wivu. Hiyo ni baridi ya huko kwenu imemwingia. Alikuwa amezoea jua, mkamrudisha kwenye friji. Mama wa wajina, uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Mvalishe soksi mbili. Usimwogeshe maji ya bomba."

"Sawa, Mama."

"Na usiniogope. Nakusikia ukinyamaza."

Binti yetu alicheka akiwa amelala kwenye kochi, kicheko kidogo kilichomchosha. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilikuwa nimeyaona mabadiliko hayo tangu Jumanne, nikayaeleza kwa namna mbalimbali: muhula mpya, kuamka alfajiri, msichana anayekua.

Asubuhi ya Alhamisi kipimajoto kilikuwa shwari. Alhamisi yote alikuwa mzima. Jioni aliruka kamba uani, akamtania baba yake kwamba kitambi kingemzuia kuruka hata mara moja, naye baba akajaribu, akanaswa na kamba, wakaanguka wote wawili kwenye majani. Mimi niliwatazama kutoka dirisha la jikoni nikikatakata sukumawiki. Nilijaribu kuipanga wiki ile jinsi ninavyowafundisha wanafunzi kupanga matukio: kwanza lini, halafu lini, na kati yake nini. Jumatatu jioni. Jumatano mchana. Kati yake siku safi kabisa. Na leo ilikuwa siku safi. Mpangilio ulipokuwa wazi sikuupenda, kwa sababu kesho ilikuwa na nafasi yake ndani ya mpangilio huo, na kwa jinsi saa zilivyokuwa zikisogea, homa isingengoja mchana.

Baada ya chakula, binti alipokwenda kufanya mazoezi ya kusoma chumbani kwake, nilisema kwamba tumpeleke apimwe damu.

Mume wangu alikuwa akimenya chungwa. Hakuinua macho.

"Kwa nini damu?"

"Kwa sababu homa inakuja siku moja na kuacha siku moja."

"Mafua hayana ratiba, Mwalimu. Yanakuja yanapotaka."

"Ndiyo maana nasema si mafua."

Alimaliza kulimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, kama anavyofanya akitaka muda. "Sema basi hilo neno unalotaka kusema," akasema.

Sikulisema. Katika nyumba yetu malaria lilikuwa neno la upande mmoja. Kulitamka kulikuwa sawa na kunyoosha kidole kwenye barabara ya kuteremkia Kiritiri.

"Ukimpima huyu damu," akasema, "utakuwa umempima mama yangu. Ikikosekana, mtakuwa mmemdhania vibaya. Ikipatikana, mama yako hatamruhusu mtoto kushuka tena, na wewe utasema ni mama yako aliyekataa. Halafu nani atamwambia mama kwamba wajina wake haji? Wewe?"

"Nitamwambia."

"Hutamwambia. Utaniachia mimi."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasema jambo alilolijua, na mimi nililijua pia. Likizo zile ndizo zilizomfanya mama yake apande ndengu nyingi kuliko alivyoweza kuvuna. Ndizo zilizomfanya binti yetu ajue kukamua mbuzi na kuongea Kimbeere, lugha ya kule chini, kwa lafudhi ambayo shangazi zake walimwiga kwa furaha. Nilitazama chumbani. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa amesimama katikati ya chumba akimsomea mtu asiyekuwepo. Kesho yake Ijumaa darasa lao ndilo lingeongoza ibada ya shule, na yeye alikuwa amechaguliwa kusoma Maandiko mbele ya wote.

"Tuache iamue asubuhi," mume wangu akasema. "Kipimajoto kikipanda, nampeleka mimi mwenyewe, na damu apimwe. Kisipopanda, aende akasome. Si ndiyo kanuni yako?"

Ilikuwa kanuni yangu. Tukakubaliana.

Asubuhi ya Ijumaa ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme. Nilimkuta ameshaamka, amevaa sare, amekaa ukingoni mwa kitanda na mikono mapajani. Nilimwekea kipimajoto nikakaa kando yake. Nywele za kandoni mwa uso zilikuwa na unyevu, na ngozi yake ilikuwa baridi kama chupa iliyotolewa mtungini. Kipimajoto kilipolia nilikisoma, nikakigeuzia mwanga, nikakisoma tena. Kilikuwa chini ya kawaida.

"Ngapi?" baba yake akauliza kutoka koridoni.

Nilimtajia.

"Basi," akasema.

"Imeshuka mno."

"Kanuni inasema ikipanda. Haisemi ikishuka."

"Kichwa kinauma?" nilimuuliza binti.

"Kidogo."

"Tumbo?"

"Mami, niko sawa. Nikikosa, atapewa yule wa dawati la nyuma, na anasoma kama redio mbovu." Akanitazama. Weupe wa macho yake ulikuwa na umanjano hafifu ambao sikuwa na hakika nao, kwa sababu taa ya chumba kile ni ya manjano pia. Nilimwambia tutoke tuone nje. Nje kulikuwa na ukungu, na katika mwanga wa ukungu kila kitu kina rangi moja.

Simu ya mume wangu ikalia. Ilikuwa mama yake, ambaye hakuwa na kawaida ya kupiga asubuhi.

"Nimeamka mzima," akasema kabla ya kuulizwa. "Nimeshafika shambani. Mwambieni wajina asome kwa sauti, nitamsikia huku."

Binti alicheka akapiga magoti kufunga viatu. Kamba zilimchukua muda. Baba yake aliinama akamfungia, fundo mbilimbili, kama alivyokuwa akimfungia alipokuwa chekechea, naye hakukataa. Alikunywa uji vijiko vichache. Gari la shule lilipiga honi langoni. Alipanda akakaa dirishani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na kioo kikafunikwa na pumzi yake mpaka sikumwona.

Nilikwenda chuoni. Nilifundisha somo langu la kwanza nikiwa nimeweka simu mezani mbele ya wanafunzi, jambo ninalowakataza wao.

Mwalimu wa darasa alipiga katikati ya somo la pili. Alieleza kwa utaratibu, na nilimshukuru kwa hilo baadaye. Mtoto alikuwa amesoma vizuri. Alisoma mpaka mwisho, kwa sauti iliyofika nyuma. Kisha hakushuka jukwaani. Alibaki amesimama na kitabu wazi, na wenzake wakadhani amesahau mahali pa kukaa, wakaanza kucheka. Mwalimu alipomkaribia akaona meno yake yakigongana. Baridi ilikuwa imemjia papo hapo mbele ya watu. Walimkalisha, wakamfunika koti, na kabla ya gari kuwashwa alipatwa na degedege.

Nilifika hospitalini mume wangu akiwa ameshafika. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika viatu vya binti yetu, kamba bado zimefungwa fundo mbilimbili. Walikuwa wamemvua bila kuzifungua. Ndani, muuguzi alikuwa akitafuta mshipa. Daktari, mwanamke kijana mwenye kuongea haraka, aliuliza swali lake la kwanza bila kugeuka.

"Likizo alikuwa wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Nilimwachia yeye, kama alivyokuwa amesema jioni iliyopita kwamba ningefanya.

"Kiritiri," akajibu. "Kwa mama yangu."

Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuwa amekihitaji. Damu ilichukuliwa, na majibu yakarudi upesi. Akatuambia ni malaria kali, imefika kichwani, na kwamba dawa ilikuwa imeshaanza kuingia. Akauliza homa ilianza lini. Nilimweleza: Jumatatu, Jumatano, leo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na asubuhi?" akauliza.

"Asubuhi hakuwa nayo."

"Hapana," akasema, "asubuhi homa isingekuwepo." Akarudi kitandani.

Mama mkwe wangu alifika jioni hiyo. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, udongo umekauka kwenye visigino vyake, na alikuwa na kikapu chenye ndizi mbivu ambazo hakuna aliyezigusa. Alisimama kando ya kitanda, akauweka mkono wake juu ya paji la mtoto, kisha akauweka juu ya lake mwenyewe. Alirudia hivyo. Binti yetu alikuwa akipumua kwa nguvu na hakufumbua macho alipoitwa kwa jina ambalo lilikuwa la wote wawili.

"Lakini mimi ni mzima," mama mkwe wangu akasema. Hakutuambia sisi. Alikuwa anamwambia yeye.

Kisha akamgeukia daktari, akakunja mkono wa sweta, akaomba kupimwa damu.

"Unaumwa wapi, Nyanya?" daktari akauliza.

"Siumwi popote. Nipime."

Damu yake ilikutwa na vimelea vile vile. Hakuwa na joto, hakuwa na maumivu ya kichwa, na alikuwa amepalilia tangu alfajiri. Daktari alieleza kwamba mtu aliyeishi na ugonjwa huu tangu utotoni anaweza kuubeba bila kuuhisi, kwa sababu mwili wake umeuzoea, na kwamba mwili wa mtoto aliyekulia juu, penye baridi, haujajifunza. Alimwandikia dawa. Mama mkwe wangu alizimeza akiwa amesimama, hakukubali kiti.

Binti yetu alifumbua macho Jumapili, watu wakitoka kanisani. Hakuweza kutamka neno kwa siku kadhaa, kisha akaweza. Sikio lake la kushoto halisikii, na anaposoma hufuata mstari kwa kidole. Likizo ya Aprili alikaa Majimbo, na mama mkwe wangu hakupanda ndengu.